Barua kwa Athumani: kodi ya pensheni na kile kisanduku kitupu

Columbus, Ohio
9 Februari 2026

Swahiba Athumani,

Salaam kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Picha ya fomu yako ya 1099-R, ile inayoonyesha pensheni uliyolipwa mwaka jana, imenifikia, na naona kilichokukwaza: kisanduku cha 1 kina dola 9,000, cha 2a kitupu, na chini yake pametiwa alama kuwa kiasi cha kutozwa kodi hakijakokotolewa. Usihamishe 9,000 zote kwenye ritani yako, ile taarifa ya kodi ya kila mwaka, kwa haraka. Hapo ndipo wengi hutoa kodi mara mbili kwa pesa ileile.

Angalia kisanduku cha 9b. Pana 37,200. Hiyo ni michango yako, iliyokatwa kwenye mshahara uliokwisha kutozwa kodi. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haitozi pesa hiyo tena, ila haikurudii kwa mkupuo; inarudi kidogo kidogo ndani ya kila malipo. (Aliyechangiwa na mwajiri peke yake, au aliyechangia kabla ya kodi kama ilivyo 401(k) ya kawaida, ile akiba ya uzeeni ya kazini, hana cha kupunguza. Kwake yeye pensheni yote hutozwa kama mshahara.)

Sasa hesabu. Pensheni yako itaendelea kwa shemeji ukitangulia wewe, kwa hiyo jumlisheni umri wenu wa siku pensheni ilipoanza: 64 na 58, ni 122. Jedwali la IRS linaipa jumla ya kuanzia 121 hadi 130 miezi 310. Gawa 37,200 kwa 310, unapata dola 120 za kila mwezi zisizoguswa na kodi. Tangu Julai umelipwa mara 6, basi ni 720. Kwenye ritani yenyewe, Fomu 1040, mstari wa 5a andika 9,000, na 5b andika 8,280. Mwaka huu ukilipwa miezi yote 12 kwa 1,500 zilezile, 5a itakuwa 18,000 na 5b 16,560.

Angalia usichukue jedwali la mtu mmoja. Hilo ni la pensheni inayokoma na mwenyewe. Mwenye miaka 61 hadi 65 hupewa miezi 260, na wewe ungejipunguzia 143 na senti 8 kwa mwezi. Inavutia, lakini si yako, na IRS wakikagua utalipa tofauti pamoja na riba.

Hiyo 120 haibadiliki hata pensheni ikipandishwa. Iandike kwenye karatasi, na kila mwaka ongeza ulichokwisha rudishiwa, kwa sababu siku 37,200 zikitimia, malipo yote yanayofuata yanatozwa kodi. Ukitangulia kabla ya hapo, shemeji anaendelea na 120 hiyohiyo mpaka iishe, na akiondoka naye ikiwa bado, salio hupunguzwa kwenye ritani yake ya mwisho. Ile karatasi basi aijue ilipo. Watu huipoteza, na mjane anajikuta analipia kodi pesa ambayo marehemu alishailipia.

Kisanduku cha 4 kina sifuri, maana yake hukukatwa kodi yoyote. Jaza fomu W-4P uipeleke kwa msimamizi wa mfuko akate kila mwezi. Usipotaka, lipa mwenyewe kwa fomu 1040-ES mara nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Ukifika mwisho wa mwaka unadaiwa 1,000 au zaidi, huenda ukaongezewa faini.

La shemeji ni tofauti. Anaacha kazi mwaka huu na 401(k) yake ina dola 50,000. Asikubali cheki yenye jina lake! Sheria inawalazimu wakate asilimia 20, kwa hiyo atashika 40,000, na ndani ya siku 60 atatakiwa kuweka 50,000 kamili kwenye akaunti nyingine ya uzeeni. Zile 10,000 atazitoa mfukoni mwake. Akishindwa, zinahesabiwa kuwa mapato. Akitaka kuhamisha, fedha ziende moja kwa moja toka mfuko hadi mfuko, na 1099-R itakuja na herufi G kwenye kisanduku cha 7.

Lakini mimi nisingehamisha zote. Kwa kuwa anaondoka kazini akiwa ameshapita miaka 55, anaweza kuchota kwenye mfuko wa mwajiri huyo bila ile nyongeza ya kodi ya asilimia 10 wanayotozwa wanaochota mapema. Kodi ya kawaida iko palepale. Zikishaingia IRA, yaani akaunti binafsi ya uzeeni, ruhusa hiyo imekufa mpaka afikishe 59 na nusu. Atakachohitaji kabla ya hapo akiache kilipo.

Na habari ya kurudi Tanga: mkiwa raia wa Marekani, IRS inawafuata huko huko, na pensheni ikipelekwa nje ya Marekani huwezi kuomba isikatwe kodi. Marekani na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato, kwa hiyo hakuna kifungu cha kukimbilia. Kodi ya jimbo lenu la Minnesota hailipwi tena ukishahama kikweli, maana sheria ya shirikisho inakataza jimbo kutoza pensheni ya asiye mkazi wake.

Nitumie ile barua ya mfuko inayoonyesha tarehe pensheni ilipoanza, niihakikishe ile 122 kabla hujatia saini ritani.

Wako,
Juma