Shukrani kwa mama wa bucha, Limassol

Mama, jina lako sikulipata. Kigiriki changu kinaishia kwenye salamu. Mimi ni yule askari Mkenya wa kikosi cha Waskoti pale Akrotiri, kambi ya jeshi la Uingereza huko Kupro. Mzigo wetu wa hagisi, chakula cha Waskoti cha nyama za ndani za kondoo, ulichelewa kutoka Uskoti, na 25 Januari, siku aliyozaliwa mshairi wao Robert Burns, ambayo Waskoti huiadhimisha kwa hagisi, haingoji mtu. Ulifungua bucha uliyokwisha kuifunga, ukatupa moyo, maini, mapafu na tumbo zima la kondoo, ukakataa pesa. Tulisaga moyo, maini na mapafu, tukachanganya na oti, mafuta na vitunguu, tukajaza ndani ya tumbo, tukachemsha. Hagisi ikaingia kwa zumari, ikasomewa shairi, ikapasuliwa kwa kisu. Kwangu ilikuwa binamu ya mutura, soseji ya kwetu ya utumbo (watu wa Nyeri mnisamehe, ilikuwa tamu zaidi). Asante sana, mama. Mungu akuzidishie.