Barua ya wazi kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali: tuwezeshe tuazimane wataalamu

Ndugu Msajili,

Nakuandikia kutoka Kasulu, mkoani Kigoma, ambako natunza hesabu za azaki (asasi ya kiraia) ndogo inayofanya kazi na vikundi vya wakulima. Ombi langu ni moja, na nimelileta hadharani kwa sababu linawagusa wenzangu wengi waliosajiliwa ngazi ya wilaya: weka utaratibu rasmi utakaoliwezesha shirika moja kuliazima jingine mtaalamu wake.

Kasulu haina uhaba wa wataalamu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo wilayani kwetu tangu mwaka 1996, na kwa sababu yake mashirika ya kimataifa yameleta wahasibu, watu wa ugavi, mafundi wa maji, watu wa takwimu na wa ulinzi wa mtoto. Mtaa wa pili tu kutoka zilipo ofisi zao utakuta kikundi chenye wanachama hodari na kazi inayoonekana, lakini mhazini wake hajawahi kuonyeshwa namna ya kujaza vocha ya malipo. Wanaishi mji mmoja, wananunua nyanya soko moja, na kinachowakutanisha ni semina peke yake.

Semina nazo tunazijua: siku mbili ukumbini, chai, posho, cheti, picha ya pamoja. Mhazini anarudi na daftari lililojaa maelezo mazuri, na hesabu zake zinabaki vilevile, maana mwezeshaji hakuziona hata mara moja.

Nimeona kwa macho yangu kitu kinachofaa zaidi. Mhasibu mmoja wa shirika kubwa alikubali, kwa hiari yake, kuja siku ya Jumamosi kukaa na mhazini wa kikundi cha wafuga nyuki. Alizikuta risiti zote ndani ya bahasha ya kaki, hata moja haijapotea. Hakuanza na nadharia. Alilaza taarifa ya benki upande mmoja na daftari la fedha upande wa pili, akampa mama yule penseli, wakawa wanatiki mstari kwa mstari. Mwisho ikabaki tofauti, na mama akanyamaza, akidhani sasa ataambiwa kala hela za kikundi. Kumbe yalikuwa makato ya benki ya kila mwezi, ambayo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nayo huandikwa. Leo anafanya usuluhishi wa benki mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na ameshaanza kumwelekeza mwenzake wa kikundi jirani.

Kinachoniuma ni kwamba jambo jema kama hilo lilifanyika kimyakimya, kama vile ni kosa. Sababu inaeleweka. Mshahara wa mhasibu yule unalipwa na mradi, na kila saa yake ya kazi lazima ihesabiwe kwenye mradi huo. Mkaguzi akikuta saa zilizolipwa na mfadhili zimetumika kwingine, gharama inaweza kukataliwa na shirika likadaiwa kuirudisha. Kwa hiyo hata mkurugenzi mwenye nia njema kabisa anaona usalama uko kwenye kusema hapana. Simlaumu. Hapo ndipo ofisi yako inapohitajika: toa kielelezo cha hati ya makubaliano, kurasa mbili zinatosha, inayoeleza nani anaazimwa, kwa kazi gani, kwa siku ngapi, nani anatoa nauli, na siri za hesabu zitalindwaje. Ikiwa na nembo ya Msajili, shirika litaiambatisha kwenye andiko la mradi tangu mwanzo, na mfadhili ataamua akiwa anajua.

Msingi wa kisheria upo tayari. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 inayataka mashirika ya kimataifa yakuze uwezo wa mashirika mengine, na sheria hiyohiyo ndiyo iliyounda Baraza la Taifa la mashirika haya, NaCoNGO, kwa ajili ya kutuunganisha. Basi katika taarifa ya mwaka wajibu huo uulizwe kwa vitendo. Kuandika kwamba watu 40 walihudhuria mafunzo hakutuambii chochote. Shirika liulizwe: mmekaa na nani, na leo anaweza kufanya nini ambacho jana hakukiweza?

Kuazimana huku si kwa upande mmoja, na hili naomba lisisahauliwe. Mtumishi aliyetoka mbali anamsomea bibi wa kijijini dodoso la Kiswahili, bibi anajibu kwa heshima "ndiyo" kila swali, na takwimu zinaharibika. Sisi tunao vijana wanaomuuliza kwa Kiha, lugha ya huku kwetu, wanaojua mwenye shamba ni nani na mgogoro wa mwaka juzi uliishaje. Huo nao ni utaalamu, na unastahili kuandikwa kwenye orodha ileile.

Ubinafsi wetu pia ni kikwazo. Tunagombea wafadhili walewale, na andiko la mradi linafichwa kama siri ya nyumba. Lakini mambo yamebadilika. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, lilikuwa limeacha kuitekeleza. Watu waliokuwa wakisimamia takwimu za afya za wilaya nzima wako nyumbani. Huku kwetu tulishaona kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ikifungwa mwaka 2021. Kambi ikifungwa wataalamu huondoka na ujuzi wao, na aliyekuwa jirani yao miaka yote hubaki na mabango ya miradi.

Tunachoomba kisiwe ada mpya wala fomu ndefu. Afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, ambaye ni msajili msaidizi wako, tayari ana orodha ya mashirika yote yaliyo kwake. Kila shirika liongeze mistari miwili: tunaweza kuwaazima wengine nini, tunahitaji kuazimwa nini. Kasulu iwe ya majaribio. Kwa upande wa azaki yetu, mistari hiyo iko tayari: tunatoa mtunza hesabu siku za Jumamosi na vijana wa kuhoji kwa Kiha, tunahitaji mtu wa takwimu.

Wako katika kazi za jamii,
Mtunza hesabu, Kasulu