Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kiharusi Nacho Kinatuhusu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wagonjwa wa figo na familia zao hapa Kigoma, asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Naanza na waliotangulia. Mwaka huu tumewazika wenzetu mliowafahamu vizuri, na baadhi yao hawakuondoka kwa sababu ya figo zenyewe. Kiharusi ndicho kilichowachukua. Hofu yetu kubwa siku zote imekuwa mashine ya kusafisha damu, na michango mingi tumeielekeza huko. Lakini wagonjwa wengi wa figo hufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kabla hata hawajaifikia mashine hiyo. Kwa hiyo taarifa yangu itaegemea upande huo, naomba mnivumilie.

Ya fedha ni mafupi. Hesabu zimekaguliwa, nakala mnazo. Wenzetu wa Kasulu na Uvinza wanachelewesha michango kwa sababu ya umbali. Kamati inapendekeza watume kwa simu.

Sasa niseme figo na ubongo vinakutana wapi. Karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo, na ubongo nao huchukua sehemu kubwa. Viungo vyote viwili hulishwa na mishipa midogo sana, isiyopumzika usiku wala mchana. Presha inayoiharibu ile ya figo haiiachi salama ya ubongo. Figo zikidhoofika, chumvi na maji hubaki mwilini, presha inapanda tena, figo zinazidi kuumia. Mishipa mikubwa hukakamaa kwa madini ya kalsiamu. Moyo huweza kuanza kupiga bila mpangilio, damu ikagandia humo na bonge likapanda kichwani. Tena figo zikichoka sana, sumu inayobaki kwenye damu huzifanya chembe za kugandisha damu zisifanye kazi sawasawa. Ndiyo maana mgonjwa yuleyule anaweza kuziba mshipa wa ubongo, au ukapasuka. Daktari akisita kukuandikia dawa ya kuzuia damu kuganda, ana sababu.

Tafiti za nchi nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba mtu ambaye kipimo cha uchujaji wa figo zake kimeshuka chini ya 60 ana hatari ya kiharusi iliyozidi ya wengine kwa takriban asilimia 40. Protini kwenye mkojo huongeza hatari kwa upande wake, hata pale kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, inapoonekana nzuri. Hili nalikazia sana. Wengi wetu tunaijua kreatinini yetu kwa kichwa, ila ukiuliza habari ya mkojo, kimya. Ukienda kliniki omba vyote: presha, kreatinini, protini ya mkojo. Na dawa ya presha haiachwi kwa sababu umeamka vizuri.

Kuna chumvi. Uvinza inatoa chumvi tangu zama za mababu, na ni fahari ya mkoa wetu. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imo iliyo kwenye mkate na samaki wa chumvi. Akina mama, samaki huyo alowekwe na maji yamwagwe.

Kuna diklofenaki pia, ile dawa ya maumivu. Ndugu zetu wavuvi wa Kibirizi na Katonga wanarudi kutoka ziwani migongo inauma, wanapitia duka la dawa, na kesho tena. Dawa za jamii hiyo huumiza figo na kupandisha presha, na diklofenaki huongeza pia hatari ya kiharusi. Mwenye figo mbovu asiimeze bila daktari kujua.

Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea, maneno yakikorogeka, mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, na waambieni wanaompokea kwamba ana ugonjwa wa figo, maana dozi za dawa hubadilika. Kwenye misiba nasikia, "Alitupiwa jini." Nasema kwa heshima zote kwa wazee wetu: dua na sala zifanyike, lakini zifanyike njiani kuelekea hospitali ya Maweni.

Mwisho ni ombi la kamati. Alhamisi ya pili ya Machi ni Siku ya Figo Duniani. Tunaomba mkutano uidhinishe fungu la kununua vijiti vya kupimia mkojo, ili siku hiyo tupime mkojo na presha pamoja, chini ya wauguzi. Kila mwanachama aje na ndugu mmoja mwenye presha au kisukari. Aje pia na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za mitishamba, wauguzi wazione. Katibu ataanza kuandikisha majina leo, mara tu mkutano utakapofungwa.