Walker walikuwa wakienda wapi?

Exeter, Uingereza, Jumapili jioni

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, shoga yangu. Mimi sijambo, ila baridi.

Unakumbuka siku ile kwenye kipindi cha Kiingereza ulipouliza watu wa ukoo wa Walker, yaani “mtembeaji”, walikuwa wakitembea kwenda wapi, darasa zima likakucheka? Jibu nimelipata. Hawakwenda popote. Walikuwa wakikanyaga.

Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji huwa legelege na kimejaa mafuta ya kondoo. Zamani kilitiwa horini pamoja na maji, udongo wa kunyonya mafuta na mkojo uliochacha. Ndiyo, mkojo! Kisha watu wakaingia humo miguu mitupu, wakakanyaga na kukanyaga mpaka nyuzi zishikane, kitambaa kinywee na kiwe kizito. Hebu fikiria harufu ile, na maji ya nchi hii yalivyo. Mkanyagaji huyo kwa Kiingereza cha kale aliitwa wealcere, na Walker imetoka hapo.

Lililonigusa zaidi ni kwamba kazi hiyo moja imezaa majina matatu. Kaskazini, Yorkshire na Lancashire mpaka Uskoti, ni Walker. Kusini-mashariki ni Fuller, neno la asili ya Kilatini. Huku Devon ni Tucker, kutokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kutesa, na kweli kitambaa kiliteswa! Kwa hiyo ukisikia jina tu, ulijua kazi ya mtu na upande atokako. Hapa mjini lipo jumba la chama chao, Tuckers Hall, la tangu 1471. Juzi nilisimama mlangoni pake kitambo kirefu, nikakukumbuka.

Miguu ilianza kupumzika mapema. Kufikia 1185 watawa wapiganaji wa Templar walikuwa na vinu vya maji vya kupondea vitambaa kwa nyundo za mbao, kimoja Yorkshire. Lakini baadaye, karne ya 13 na ya 14, watoto walizidi kurithi majina ya baba zao, hata mtoto ambaye hakuwahi kutia mguu horini. Ndivyo jina lilivyosalimika.

Swali lako lilikuwa la haki kabisa, Rehema, na waliokucheka waambie.

Nimesikia umejifungua salama, Alhamdulillahi. Mtoto mmempa jina la nani? Niandikie upesi.

Wako,
Zuhura