Barua kwa mwanangu: kitabu cha stakabadhi

Mwanangu,

Marahaba. Uliyoyasikia ni kweli, na aliyekusimulia hakutia chumvi. Baba yako alikula pesa za mabati ya kanisa, shilingi 1,840,000. Naandika "alikula" kwa sababu mjomba wako anazunguka Tukuyu nzima akisema zilipotelea kwenye hesabu.

Utauliza nilikuwa na shida gani. Sikuwa nayo. Ng'ombe anakamuliwa, ndizi zipo, chai tunachuma, na wewe unatuma kila mwezi. Ingekuwa njaa, ningepata la kusema.

Unakumbuka tulivyokuwa tukihesabu sadaka? Mnada ukiisha, mikungu ya ndizi na majogoo yakishapata wenyewe, tunakaa watatu mezani, noti tunazinyoosha moja moja, nawe uko chini ya meza unaokota sarafu. Miaka ikaenda. Wenzangu wakaanza kusaini bila kuhesabu: "Mzee si keshahesabu?" Mwishowe wakawa wanasaini kurasa tupu ili wawahi gari. Nami, badala ya kuwaita warudi mezani, nikavimba kichwa. Miaka 31 ya kutunza hazina, nani wa kunihesabia?

Mwaka juzi nilichukua 40,000 za dawa ya viazi, Ijumaa nikarudisha. Siku ile ya kurudisha iliniharibu kuliko ya kuchukua, maana niliona kumbe inawezekana, na usiku nililala fofofo. Mara ya mwisho nilinunua viazi vya watu kule Isyonje vikiwa bado ardhini, nikipigia hesabu bei ya Desemba. Kilichofuata unakijua.

Aliyegundua ni binti mmoja wa umoja wa vijana. Aliniomba kitabu cha stakabadhi, kwa adabu kabisa, amepiga goti. Nikamfokea mbele ya watu kwamba nimeanza kushika hazina kabla mama yake hajaolewa. Binti akainuka, akafuta tope gotini, akaondoka bila neno. Lile tope silisahau.

Usiku ule nilifungua Mambo ya Nyakati wa Pili, kwa mfalme Asa. Nimemfundisha Asa mara nyingi, lakini siku zote niliishia pale anapovunja sanamu na kumwondolea Maaka umalkia. Sura ya 16 niliiruka. Humo, mwaka wa 36 wa kutawala kwake, Asa huyo huyo anachota fedha na dhahabu katika hazina ya nyumba ya Bwana, anampelekea mfalme wa Shamu. Mwonaji Hanani akamkemea. Asa akakasirika, akamtia gerezani. (Mwaka wa 39 akaugua miguu. Yangu inauma tangu zamani, usiunganishe.)

Asubuhi nilikwenda kwa mchungaji na kitabu mkononi. Nimetengwa na meza ya Bwana, ufunguo nimekabidhi. Mtamba mwenye doa jeupe nimemuuza 950,000, nikazipeleka zote. Zimebaki 890,000.

Mama yako ananipikia, lakini haongei sana. Usimwingilie.

Nakuomba jambo moja: usitume hizo 890,000. Najua unazo, na najua unaona aibu kazini ukikutana na watu wa nyumbani. Ukinilipia, wote watanyamaza upesi, nami nitanyamaza upesi kuliko wote. Acha nilipe kwa maziwa, dumu kwa dumu.

Kwa binti yule nilikwenda juzi. Nilianza maneno marefu niliyoyapanga njia nzima, akanikatiza: "Baba, karibu ndani, mvua." Tukanywa chai. Msamaha nilikuja kuuomba mlangoni nikiwa nimeshavaa koti, tena kwa sentensi moja.

Jumapili niliketi nje nikimsubiri mama yako. Ndani walikuwa watatu mezani, wanahesabu kwa sauti, wanakosea, wanaanza upya. Walichelewa sana kutoka.

Baba yako