Naomba aanze na cheti cha chini

Hamburg, Novemba 2025

Baba na Mama wapenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamooni nyote, shikamoo Bibi, na salamu kwa jirani zetu kuanzia Langoni hadi Mkomani. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi imeshaanza. Saa kumi na nusu za jioni jua limekuchwa na taa za barabarani zimewaka, na vidole hukauka hata uzi wa hariri unakwama kwenye ngozi. Mafuta ya kupaka nimenunua, Mama, usiwe na wasiwasi.

Ule ujumbe wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara tatu. Kwamba kitindamimba wetu amekaa nyumbani tangu matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na D- yake, na sasa anataka kwenda chuo cha ufundi kusomea mavazi. Ami asema arudie mtihani. Baba umesema, "Kushona atashona dukani kwangu, karo ya nini?" Na Mama ukaniambia niseme neno mimi niliye huku. Ningeweza kupiga simu, lakini simu hukatika na watu huingiliana maneno. Haya nataka Baba uyasome mwenyewe, umekaa barazani, miwani umeivaa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kila nikienda kutia barua naikumbuka ile nyumba ya posta ya Wajerumani kwenye Usita wa Mui, ile barabara kuu ya mji, tuliyokuwa tukiipita kwenda madrasa. Posta yao ilifanya kazi Amu, yaani Lamu, tangu 1888 hadi 1891, muda mfupi tu, na mpaka leo nyumba ina jina lao.

Nisizunguke: naomba aende. Na aanze na cheti cha chini kabisa, kile ambacho Ami asema ni cha walioshindwa.

Baba, nikueleze jambo lililonipata nikiwa mgeni shuleni hapa. Mwalimu alitugawia vipande vitano vya kitambaa, bila kutuambia ni vya nini, na kila mmoja akapewa koleo ndogo, kibiriti na bakuli la maji. Tuchomoe uzi, tuuchome, tuseme ni kitambaa gani. Machozi yalinilenga, kwa kuwa nilikuona wewe mlangoni pa duka, umechomoa uzi kwenye jora la mtu anayekuapia kuwa ni pamba tupu, umeuwasha, umeunusa, umemrudishia jora lake bila neno. Wenzangu waliogopa moto. Mimi nilimaliza mapema. Huu wanuka karatasi iliyoungua na jivu lake ni laini: pamba. Huu wanuka nywele: sufu. Huu umejikunja, umeyeyuka, umeacha tone gumu jeusi: poliesta. Vyote vitano nilipata.

Kisha mwalimu akaniuliza, kwa nini? Nikanyamaza. Kijerumani changu kilikuwa kidogo, lakini Baba, hata kwa Kiswahili sikuwa na jibu. Siku ile ndipo nilipoelewa kuwa pamba hunuka karatasi kwa sababu zote mbili ni selulosi, kitu cha mimea. Sufu ni nywele za kondoo, ni protini kama nywele zetu, basi itanuka nini kingine? Na poliesta hutokana na mafuta ya petroli, ni plastiki iliyovutwa hadi ikawa uzi, ndiyo maana huyeyuka. Ukishajua hayo, joto la pasi huhitaji kulikisia. Unakumbuka lile gauni la kijani la bibi harusi nililoliunguza nikiwa na miaka 16? Uliwalipa watu kitambaa kipya na hukunipigia kelele. Lakini joto la pasi nililijua baada ya hasara. Hapa hufunzwa kabla ya hasara, na hilo ndilo ninalomtakia mdogo wangu.

Sisemi haya kukupunguzia heshima. Mlichonitia mikononi wewe na Bibi ndicho kilichonipa nafasi hii. Siku ya kwanza katika duka la ushonaji ninapojifunza huku, mwenye duka alinipa sketi ya sufu nipinde upindo kwa mkono. Alipoichukua hakutazama ndani kwanza. Aliigeuza nje, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akapitisha kidole polepole kuutafuta mshono. Hakuuona. Akaniuliza nani kanifunza, nikamwambia ni bibi yangu, anayedarizi kofia. Nikamwonyesha picha kwenye simu: vile vitundu vidogo kuliko punje ya mtama, kila kimoja kimezungushiwa uzi pande zote, safu kwa safu, kofia moja inayokula miezi. Akawaita mafundi wengine wawili waje waone. Mwambieni Bibi habari hii taratibu, mkiwa mmeketi naye, najua atataka kuirudia.

Lakini mwenye duka huyo huyo, kabla ya kunipa nafasi, aliniomba cheti. Miaka yangu saba kwenye cherehani yako, Baba, haikuwa imeandikwa popote. Mnakumbuka nilivyokaa karibu mwaka nikingoja kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, daraja la 3, lile la mwanzo. Mtihani ule humpokea hata aliyejifunzia dukani, na karatasi ile moja ndiyo niliyoitia kwenye bahasha pamoja na cheti cha Kijerumani. Nami niliwahi kuidharau.

Kwa kuwa mwaniuliza kila mara ninasomea nini hasa, nieleze. Wao huyaita mafunzo haya Ausbildung, nasi tungesema uanagenzi, ila huu una mkataba na sheria. Fani yangu ni ufundi wa kurekebisha nguo, miaka miwili. Siku nyingi za wiki niko dukani, zilizobaki niko shuleni. Karo silipi, duka ndilo linalonilipa posho, na kwa walioanza 2024 kama mimi sheria ilitaka isipungue yuro 649 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, kabla ya makato. Haitoshi kodi na chakula mji huu, ndiyo maana nafanya kazi mkahawani siku za mapumziko. Kila wiki lazima niandike kwenye daftari nilichofanya na nilichojifunza, na bwana mkubwa atie saini. Bila daftari hilo huruhusiwi kuingia kwenye mtihani wa mwisho. Mwanzoni niliona ni adhabu. Sasa nikilifungua ukurasa wa Oktoba ya mwaka jana naona mchoro wa zipu ya kufichwa niliyoifumua mara nne, na chini yake nimeandika kosa lilikuwa wapi: nilishona bila kupiga bandi, ule mshono wa muda, kwanza, kitambaa cha juu kikatembea mbele ya cha chini. Kosa lile sijalirudia.

Darasani kwetu wamo waliokuja wakitaka kuwa wabunifu wa mitindo, wachore, nguo zao zipite jukwaani. Wiki ya kwanza tuliendesha mashine bila uzi, juu ya karatasi yenye mistari. Mstari ulionyooka, kisha pembe, kisha duara. Halafu tukapewa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, marekani hasa, Baba, ile ile uliyokuwa ukinikatia nijifunzie. Wawili waliacha mwezi wa kwanza. Waliobaki sasa wanajua kwa nini gauni lililokatwa hanamu, yaani mshazari wa kitambaa, hulala mwilini kama maji, na kwa nini lazima litundikwe usiku kucha kabla ya kupindwa, maana uzi wa mtande, wa urefu, na wa mshindio, wa upana, vyote viwili vimelala mshazari na kitambaa hurefuka kwa uzito wake chenyewe. Hajui mtu kubuni asichoweza kukishona. Na pasi! Nilidhani ni ya mwisho, nguo ikishakamilika. Hapa kila mshono hupigwa pasi kabla ya kuvukwa na mshono mwingine. Wana msemo kwamba iliyopigwa pasi vizuri imeshashonwa nusu.

Basi turudi kwa mtoto. D- haimfungii mlango. Vyuo vyetu vina ngazi ya atisani, ndiyo hicho cheti cha chini ninachokisema, kisha cheti cha juu yake, kisha diploma, na mtu hupanda kutoka moja hadi nyingine. NITA nako ni daraja la 3, la 2, la 1. Ami akimrudisha shule ya sekondari kwa mwaka mzima kutafuta alama za kemia, huo ni mwaka ambao angekuwa ameshajua kuchora paterni ya blauzi, kile kiolezo cha karatasi cha kukatia, kuitoa mikono na kola, na kuipanua kutoka saizi moja hadi nyingine. Hicho hasa ndicho sisi wa dukani hatuna. Baba hukata kwa jicho, na jicho lako halikosei, nimeliona miaka yote. Lakini jicho huwezi kumtumia mteja wa Mombasa aliyeagiza sare 60 za shule. Paterni ya karatasi waweza.

Kabla hajajiandikisha, Mama nenda naye ukatazame. Hesabuni cherehani nzima ni ngapi na wanafunzi wangapi. Ulizeni kama wana ovaloku, ile mashine ya kufunga kingo zisifumuke, na mashine ya viwandani ya umeme, au ni za miguu peke yake. Ulizeni kama kuchora paterni kumo tangu muhula wa kwanza, na mtihani wa mwisho unatolewa na nani. Chuo kisichoweza kujibu swali hilo la mwisho, ondokeni. Vyuo vya ufundi vya ngazi hii viko chini ya kaunti, kwa hiyo muulizeni na mwakilishi wa wadi kuhusu msaada wa karo.

Na jambo moja la kunitia hofu. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini ule mkataba wa kazi mjini Berlin, tarehe 13 Septemba 2024, naambiwa mawakala wamejaa, wanawaahidi vijana nafasi kwa fedha nyingi. Yuko aliyeniomba mimi pia, kabla sijaja, laki mbili, na nilikaribia kuwaambia muuze mashua. Mkataba wa uanagenzi hutoka kwa mwenye duka, naye ndiye anayelipa. Asimpe mtu yeyote pesa. Kwanza asiwaze kuja huku. Aijue kazi hapo Amu, na akija huko mbele aje na mikono na karatasi.

Ninachopendekeza, kwa idhini yako Baba: asubuhi chuoni, baada ya alasiri dukani kwako. Chuo kimpe sababu, wewe umpe jicho. Usimwonee huruma, mfumulishe kama ulivyonifumulisha mimi. Na Bibi amkalishe Alhamisi kwenye kofia, japo safu moja, kwa sababu mkono ule hakuna mtaala utakaoutoa, na Bibi hatokuwa na nguvu za macho siku zote. Nusu ya karo ya muhula wa kwanza nitatuma mwisho wa mwezi posho ikiingia. Ile mashine yangu iliyoko chumbani aitumie, ila aitie mafuta kwanza, imekaa kavu.

Na wewe Baba, usikasirike. Ule mtihani wa daraja la 3 wangekupa asubuhi ukamaliza kabla ya adhuhuri, kisha la 2, kisha la 1. Umeshona kanzu za nusu ya mji huu. Ningependa siku moja nije nikute karatasi yenye jina lako imetundikwa ukutani, pale juu ya meza ya kukatia, ilipokuwa kalenda.

Nimepata kipande kizuri cha kitani dukani, rangi ya mchanga wa Shela, mabaki ya kazi ya mteja, nikapewa bure. Nataka kumshonea Mama gauni la Idi. Vipimo amchukue kitindamimba, peke yake, Baba asimsaidie. Kifua, kiuno, nyonga, mabega kutoka mfupa hadi mfupa, urefu wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, mkono ukiwa umekunjwa kidogo. Apime mara mbili, na aandike kwa sentimita. Anitumie na picha ya karatasi aliyoiandikia, nione mwandiko wake.

Wasalaam,
binti yenu