Kabla ya kuuza betri, kagua laptopu inavyolala

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo mafundi wenzangu hapa Kisumu. Mteja akija na laptopu yenye mfumo endeshi wa Linux, alalamike kwamba aliifunga kifuniko jioni ikiwa na chaji tele na asubuhi akaikuta imezima, wengi wetu tunakimbilia kusema betri imekufa. Juzi mwalimu mmoja wa Ahero aliniletea yake ikiwa na betri mpya aliyouziwa mjini, na shida ni ile ile. Anasema akishuka matatu mkoba una joto kama hotpoti ya chapati.

Betri ya zamani bado alikuwa nayo. Niliirudisha, nikafungua terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, nikaandika upower -d. Ilikuwa ingali inabeba asilimia 84 ya uwezo wake wa kiwandani. Amri hiyo ni ya bure, haidai hata bando.

Kibovu kilikuwa usingizi wenyewe. Andika cat /sys/power/mem_sleep. Iliyo ndani ya mabano ya mraba ndiyo inayotumika. Yake ilionyesha [s2idle] deep, yaani aina mbili za usingizi, na iliyotumika ni s2idle. Kwenye s2idle skrini inazima na prosesa inapumzika, lakini umeme haujakatwa, na kifaa kimoja kikikataa kutulia chaji inayeyuka. Deep hukata karibu kila kitu isipokuwa RAM, kumbukumbu inayoshika kazi uliyoiacha wazi.

Msikimbilie kuibadilisha iwe deep moja kwa moja, maana zipo mashine ambazo zikilazwa hivyo haziamki, skrini inabaki nyeusi. Jaribuni kwanza kwa echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep, ambayo hufutika mashine ikiwashwa upya. Ikilala na kuamka vizuri mbele ya mwenyewe, ndipo muongeze mem_sleep_default=deep kwenye faili la mipangilio ya kuwasha mashine, /etc/default/grub, ndani ya mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha sudo update-grub ili ibaki hivyo. Deep isipoonekana, chungulia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa mashine inapoanza kuwaka. ThinkPad kadhaa zina kipengele cha Sleep State kinachogeuzwa kuwa Linux. Laptopu nyingine za sasa hazina deep kabisa, na mteja aambiwe hivyo waziwazi.

Wauzaji wa laptopu za mtumba nao wamruhusu mnunuzi afunge kifuniko, akanywe chai, arudi aangalie asilimia kabla hajalipa.

Aliyemuuzia mwalimu ile betri amegoma kuipokea, eti bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kama hukuipima ya kwanza, uliiuza ya pili kwa msingi gani?

Fundi wa kompyuta,
Kondele, Kisumu